Koti Jeupe la Binti wa Fundi

Fundi cherehani hakuwahi kukata kitambaa cha mteja kabla ya kumwuliza maswali mawili: "Unataka nini? Utaivaa wapi?" Hapo ndipo futi ya kupimia iliposhuka kutoka shingoni mwake. Lakini bintiye mwenyewe, fundi hakumwuliza hata moja. Jioni ya kuamkia siku ya kuchagua michepuo shuleni, alimtandazia mezani koti jeupe la maabara, lenye mifuko mitatu.

"Vaa, mwanangu. Kesho ukichagua sayansi, ujue koti lipo."

Binti, ambaye moyoni alikwisha kuchagua lugha, aliyameza maneno yake. Angewezaje kuikataa kazi ambayo baba aliishona kwa siri, baada ya kumaliza sare za wana wa watu? Akavaa. Mikono ya koti ikagota viwikoni. Alipojaribu kumkumbatia baba kwa shukrani, mshono wa kwapa ukaachia.

Mama, aliyekuwa akimenya viazi, aliangua kicheko. "Fundi wewe! Ulimpima nani, paka?"

"Mwanangu simpimi. Namjua kwa macho."

"Ulimjua alipokuwa darasa la nne."

Fundi alitahayari, kwani nguo yake haikuwahi kurudishwa na mteja. Akaivuta futi, akaiweka begani mwa binti, na mazoea yakamtangulia ulimi: "Unataka nini?"

Kisu cha mama kilitulia juu ya kiazi.

"Lugha, baba."

Futi haikuondoka begani. "Na utaivaa wapi, hiyo lugha?"

"Hospitalini. Bibi alipolazwa, madaktari walikuwepo. Wa kumfasiria lugha yake hakuwepo. Nikabaki mimi, nikibabaika, naye amening'ang'ania mkono."

Fundi alikumbuka: mama yake mzazi, macho yakimhama daktari na kumtafuta mjukuu.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, baba," alisema taratibu, kama amwombaye radhi.

"Basi ameuliza," mama akadakia. "Mvue mtoto hilo gunia, apumue."

Kesho yake binti alichagua lugha. Aliporudi, alikuta mto wake umevishwa foronya mpya nyeupe, iliyoshonwa kwa kipimo barabara. Ubavuni ulisalia mfuko mmoja wa lile koti.

"Baba, foronya na mfuko?"

"Wa kamusi," fundi alijibu, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Huo nimeupima."