Herufi Iliyopotea kati ya Giakanja na Chaka

Mwaka wa 1975 serikali ilitenga fedha za kutafuta njia ya kupeleka simu vijijini bila nguzo wala nyaya. Sehemu ya fedha hizo ilifika Nyeri mjini, ikakodi vyumba viwili juu ya duka la mbegu. Mlangoni paliandikwa Kitengo cha Utafiti wa Simu za Redio. Watu wengi walipanda ngazi wakidhani ndipo pa kulipia leseni ya redio, na Kagure, karani wa kitengo, aliwarudisha chini kwa upole.

Mkuu wa kitengo alikuwa Injinia Gatimu, mzaliwa wa Tetu, mtu wa miaka thelathini na tisa aliyesomea Uingereza na kurudi na digrii mbili na koti la mvua. Hakuwa mtu wa mzaha. Akiulizwa kama mvua itanyesha, alijibu kwa asilimia. Msaidizi wake, Marete, alitoka upande wa Meru, na kazi yake ilikuwa vifaa. Vifuniko vya eriali vilivyoagizwa ng'ambo vilipasuka kwa jua la mchana na baridi ya asubuhi, kwa hiyo Marete alibuni chake: nyuzi za mkonge zilizolazwa ndani ya gundi kali, zikashindiliwa na kukaushwa mpaka zikawa kitu kigumu kama mfupa na chepesi kama kibuyu. Maji hayakupenya, kutu haikushika, na mawimbi ya redio yalipita kana kwamba hakuna kitu. Kifuniko cha kwanza kilimchukua miezi kumi na minne. Alikipapasa kila alipopita karibu nacho.

Kufikia mwaka wa 1977 mitambo ilikuwa tayari. Mmoja uliwekwa kilimani upande wa Giakanja na wa pili katika ukumbi wa soko la Chaka. Kilichobaki kilikuwa kujua kama mtu wa Chaka anasikia anachosema mtu wa Giakanja. Msomi mmoja wa lugha aliye Nairobi alitengeneza orodha ya maneno mia moja, mengi yakiwa yanakaribiana kwa makusudi, ili mtambo usipate nafasi ya kudanganya. Injinia Gatimu angeyasoma mwenyewe kutoka kilimani, neno moja kila sekunde tano. Huko Chaka, watu wanane wangesikiliza na kuandika. Ili mtambo ufuzu, ilitakiwa wastani wa maneno tisini na tano sahihi.

Wasikilizaji walichaguliwa na chifu. Sita walikuwa wakulima, akiwemo mzee Muriithi aliyekuwa mwenyekiti wao. Mmoja alikuwa na kioski. Wa nane alikuwa Zuhura, mjane wa miaka hamsini na kitu kutoka Majengo, mtaa wa Waswahili wa Nyeri mjini, aliyekuja Chaka kila siku ya soko kuuza leso. Walipewa penseli, chai na mkate, na agizo moja lililochapishwa na Kagure: Andika unachosikia.

Jaribio la kwanza lilileta wastani wa themanini na sita. Gatimu aliweka makaratasi mezani akayapitia moja moja, kisha akamwita Marete.

"Makosa yote yako kwa L," alisema. "Angalia. Nimesoma kalamu, wengine wameandika karamu. Nimesoma mahali, huyu ameandika mahari. Maneno mengine yote yamefika sawa."

"B imefika?"

"B imefika. Hata F imefika, na F ndiyo ngumu kwa redio."

Walirudia siku ya jua, wakarudia siku ya mvua, wakarudia siku ya ukungu wakati hata barabara ya Nanyuki haikuonekana. Wastani haukubadilika. Wasikilizaji saba walikosa maneno kumi, kumi na mbili, leo haya na kesho yale. Zuhura alikosa thelathini. Alikosa thelathini wiki ya kwanza, thelathini wiki ya pili, thelathini wiki ya sita, na orodha yenyewe ilikuwa na maneno thelathini yenye L.

Gatimu aliandikia kamati ya Nairobi iliyosimamia fedha. Kamati ilijadili jambo hilo kikao kizima. Mjumbe mmoja aliuliza kama Mlima Kenya una madini yanayovuta herufi. Mwingine, aliyekuwa amesoma zaidi, alisema kuwa kitu pekee kipya katika mtambo ule ni kile kifuniko cha mkonge. Kamati ikaandika kwamba kuna Tatizo la L, ikalitengea fedha, ikaagiza kifuniko kichunguzwe.

Marete alichunguza. Alipunguza unene nusu. Alibadilisha gundi. Alipanga nyuzi wima, kisha mlalo, kisha akazikatakata. Kifuniko cha tatu kilivuja mvua ya kwanza na mtambo wa Giakanja ukanyamaza siku nne. Wastani ulibaki themanini na sita. Siku moja Kagure alimkuta nyuma ya duka la mbegu akichoma vifuniko viwili ndani ya pipa. Moshi wake ulikuwa mweusi na wenye nyumba ya jirani walikuwa wakilalamika.

"Labda si kifuniko," Kagure alisema.

"Ni nini basi? Kila kitu kingine tumenunua Ulaya."

Kagure alirudi ndani, akaendelea na kazi yake.

Zuhura naye alishughulikiwa. Gatimu aliona kwamba mtu anayekosa thelathini kila wiki, bila kuzidi wala kupungua, ni mgonjwa au ni mkaidi, na hakutaka kumdhania ukaidi mama wa umri ule. Alimwandikia barua ya heshima akimwomba apumzike kwenye jopo la wasikilizaji mpaka apimwe masikio.

Zuhura alipokea barua kibandani mwake, akaisoma mara mbili, akaikunja. Majirani walimwuliza kuna nini. Aliwaambia serikali imempa ukiziwi. Siku iliyofuata alikwenda kwa daktari, akakaa benchi kutwa nzima, akapimwa. Alhamisi saa nne asubuhi alipanda ngazi zile juu ya duka la mbegu akiwa na cheti mkononi. Kagure alimwonyesha kiti. Hakukikalia.

"Bwana Injinia," alisema, "masikio yangu haya hapa. Daktari ameandika ni ya msichana."

Gatimu alisoma cheti. "Nimefurahi, mama. Lakini sasa sielewi makosa yanatoka wapi."

"Karatasi yenu iliniambia niandike ninachosikia. Nimeandika nilichosikia."

"Wenzako wanasikia L mara nyingi. Wewe hujawahi kusikia hata moja."

"Kweli. Sijasikia."

Marete aliacha kusugua kipande chake cha mkonge. Zuhura akavuta kiti, akaketi, akachukua karatasi tupu na penseli mezani kwa Kagure.

"Nisomee hapa hapa," alisema. "Bila redio."

Gatimu hakuwa na sababu ya kitaalamu ya kukataa. Alifungua orodha akasoma maneno ishirini, neno kila sekunde tano, akiangalia saa yake. Zuhura aliandika. Alipomaliza aligeuza karatasi na kuisukuma upande wa pili wa meza. Kura. Karamu. Mahari. Fahari. Hari. Mrima. Kagure alikuwa ameacha kuchapa.

"Mama," Gatimu alisema pole pole, "hapa hakuna mtambo."

"Hakuna."

"Na mimi nimesema fahali. Ng'ombe dume."

"Umesema fahari, baba. Mimi nikitaka dume nasema fahali."

"Si ndiyo hiyo hiyo? Umesema neno moja mara mbili."

Zuhura alimtazama Marete. Marete alikuwa amesimama. "Amesema maneno mawili, Injinia," alisema. "Mimi nimeyasikia."

Gatimu hakukasirika. Alifanya alichofundishwa kufanya mtu asipoamini sikio: alileta mashine ile yenye kioo inayochora sauti kwa mstari wa mwanga, akaiunganisha na maikrofoni. Alimwomba Zuhura aseme mahali, kisha mahari. Mistari miwili tofauti ikachorwa. Mtoto angeweza kuitofautisha. Halafu akasogea yeye. Alisema mahali, akasema mahari. Alirudia mara kumi na mbili, akiandika nambari kila mara. Mashine ilichora mstari ule ule mara ishirini na nne.

Alizima mashine akakaa. Ikumbukwe kwamba hata katika masimulizi haya amekuwa akiandikiwa L zake zote, kwa sababu hivyo ndivyo kila mtu alivyomfanyia.

"Kagure," alisema, "umeniandikia barua miaka miwili."

"Ndiyo, mkubwa."

"Nikisema faili."

"Unasema fairi. Naandika faili."

"Na hukuniambia."

"Nilidhani unajua," Kagure alisema. "Na wewe ni mkubwa wangu. Ningeanzia wapi?"

Marete alitoka nje. Walimwona kupitia dirisha akishuka mpaka penye pipa, akaangalia ndani. Aliporudi alisema tu kwamba wiki iliyopita alikuwa ameandika barua ya kuacha kazi, iko kwenye droo, na sasa angependa kuichana. Gatimu alimwambia aichane. Halafu alimwambia pole. Kwa kuwa neno hilo nalo lina L, alilisema akiangalia chini, lakini Marete alilielewa.

Jioni hiyo, wakila, Gatimu alimwuliza mkewe, Ngendo, kama yeye husema L.

"Husemi," Ngendo alijibu, akimwongezea mboga.

"Ulijua?"

"Hata watoto wanajua. Wewe kula."

Siku ya soko iliyofuata alikwenda Chaka yeye mwenyewe, akasimama mbele ya wasikilizaji saba na kuwaeleza kwamba mtambo ulikuwa mzima tangu wiki ya kwanza, kwamba uliwapelekea kila alichosema bila kuangusha kitu, na kwamba kosa lilikuwa mdomoni mwake. Alisema hivyo kama anayesoma ripoti. Wakulima walimsikiliza kwa adabu.

"Sasa nataka kuuliza," alimalizia. "Nyinyi mlijuaje wakati mwingine ni L?"

Mzee Muriithi alisimama kwa niaba ya wengine. "Injinia, sisi pia tunaongea hivyo. Ukisema kura na ni saa saba mchana, tunajua ni chakula. Tulikuwa tunakusaidia. Kama ungetuambia ni mashindano, tungekusaidia zaidi."

Gatimu alirudi Nyeri. Njiani alimsimamisha dereva, akaandika kitu kwenye daftari, akamwambia aendelee.

Ripoti aliyoipeleka kwa kamati ilikuwa ya kurasa tatu na ilisema ukweli wote, pamoja na jina lake. Marete alimsihi atoe ile aya ya pili yenye jina hilo. Hakuitoa. Kamati ilijibu baada ya mwezi mmoja. Ilishukuru kwa matokeo, ikasikitika kwamba fedha za Tatizo la L tayari zimepitishwa na haziwezi kurudishwa, ikaagiza zitumike kabla ya mwisho wa Juni, juu ya L.

Basi Gatimu akazitumia. Aliweka kando orodha ya yule msomi na kuandika orodha mpya, si ya maneno bali ya sentensi mia moja, za aina ambayo mtu angepiga simu ili aziseme: Ng'ombe ameangukia mtaroni. Lori la maziwa limekwama. Mgonjwa hali chakula tangu jana, daktari yuko? Alisema kwamba watu watakaotumia simu hii ni wa Giakanja na Chaka, na watasema kama wanavyosema, na mtambo utakaofaa ni ule utakaowafaa wao. Sentensi hizo zilisomwa kwa sauti mbili, ya Zuhura na yake mwenyewe. Sauti ya Zuhura ilipata tisini na tisa. Yake ilipata tisini na nane. Ile sentensi moja aliyopitwa hakuibishia.

Zuhura alimwambia siku moja kwamba angeweza kumfundisha L kwa wiki mbili, bure. Walijaribu. Ulimi ulipanda, ukagusa penyewe, ukashuka na R. Mwishoni mwa wiki ya kwanza aliweza kusema lala akiwa amesimama bila kufikiria jambo lingine lolote.

"Inatosha, mama," alisema.

"Inatosha," Zuhura alikubali. "Kazi yako ni kusikika, na unasikika."

Kifuniko kilichokwenda juu ya mlingoti ni kile cha kwanza, cha miezi kumi na minne. Mwaka wa 1979 simu ya redio iliwekwa kwenye zahanati moja karibu na Giakanja na nyingine dukani Chaka, na mtu wa kwanza kuipiga alikuwa mwanamke aliyetaka kujua kama dada yake amejifungua. Alikuwa amejifungua. Walipiga kelele pande zote mbili ingawa haikuhitajika.

Marete alikwenda Nairobi kufundisha, na alichukua sampuli za mkonge sanduku zima. Kagure alipandishwa cheo. Gatimu aliomba Zuhura aajiriwe kuwa msomaji wa majaribio, na kamati ikakubali, ila katika orodha ya vyeo vya serikali hapakuwa na msomaji. Baada ya barua tisa aliandikishwa kuwa mpishi daraja la tatu. Alisoma sentensi za kitengo hicho kwa miaka kumi na mmoja, hakupika hata chai, na alistaafu akiwa mpishi daraja la kwanza.