Loren Vavra Arudi Kessler

Katika ofisi ya karani wa kaunti hapa Kessler, Nebraska, meza yangu ni ya namba za magari, na ya Ardith Pospisil ni ya hati za nyumba na vibali vya ndoa. Tumekaa bega kwa bega miaka ishirini na sita. Kaunti nzima hupita mbele yetu: wanaooa, wanaonunua mashamba, wanaoleta vyeti vya vifo. Na kila mtu mjini anajua kwamba kibali kimoja cha ndoa Ardith aliwahi kujiandikia mwenyewe, na hakikutumika.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mwanamume alikuwa Loren Vavra, kijana wa nyumba ya bluu nyuma ya kanisa Katoliki. Kiangazi kile Loren aliajiriwa na wavunaji wanaoifuata ngano inavyoiva, kutoka Texas hadi mpaka wa Kanada, akaahidi kurudi Septemba wafunge ndoa. Septemba ikaja barua kutoka Montana. Amepata kazi ya kudumu kwenye shamba la ng'ombe, kuna kijumba, Ardith amfuate. Ardith alikuwa akimuuguza mama yake, akajibu kwamba atakwenda theluji ikiisha. Theluji ikaisha, akajibu kwamba atakwenda mwakani. Loren alingoja miaka miwili, kisha akaoa mwalimu wa huko.

Ardith hakuolewa. Hakuwa mtu wa kulialia. Aliongoza kwaya, alikaanga samaki Ijumaa za Kwaresima, alimzika mama yake. Lakini ngano ilipoiva na mashine za kuvuna zikapita barabara kuu kwa msururu, aliacha kazi akasimama dirishani mpaka ya mwisho ipite. Sisi tulijifanya hatuoni.

Juni mwaka jana Bi Blanche, mama yake Loren, alifariki akiwa na miaka tisini na mmoja. Siku mbili baada ya maziko, Loren akaingia ofisini na hati ya nyumba, kofia mkononi. Mvi tupu, anachechemea kidogo.

"Habari za siku nyingi, Ardith."

"Nyingi kweli. Pole kwa msiba. Nilikuona kanisani."

"Mbona hukuja kunisalimu?"

"Kulikuwa na foleni."

Norbert, askari wa mahakama iliyo jengo moja na ofisi yetu, alikuwa akijimiminia kahawa yetu kama kawaida yake. Akadakia, "Foleni ya watu tisa, bwana. Huyu alitoka kwa mlango wa jiko la kanisa."

"Wewe Norbert, huna mhalifu wa kulinda?"

"Ninaye mmoja tu, na amelala."

Loren akacheka. Ardith akawa anautafuta mhuri wake, na mhuri uko mbele yake.

Loren akaeleza kilichomleta. Mkewe ni marehemu, mwaka wa nne sasa. Wamejitokeza vijana wawili, mtu na mchumba wake, wanaitaka nyumba ya bluu, na kesho anatakiwa kusaini. Akainama juu ya kaunta.

"Niambie nisiuze, Ardith, sitauza. Nitahamia."

Norbert akachukua kikombe chake akatoka polepole.

"Njoo kesho saa nne," Ardith akasema.

Mchana tulikula mikate yetu kwenye nyasi mbele ya mahakama. Nikamuuliza atamjibu nini.

"Sijui, Jolene. Miaka yote hii nazungumza na kijana wa miaka ishirini na minne. Naosha vyombo huku namsimulia siku yangu. Sasa amekuja mzee mwenye macho yaleyale, na simjui hata kidogo."

"Si umjue basi?"

Alikunja karatasi ya mkate wake mara nne.

Kesho yake Loren alifika robo saa kabla ya saa nne.

"Uza," Ardith akamwambia. "Usihame kwa ajili ya msichana wa zamani. Hayupo tena."

"Hata mimi yule kijana simwoni siku hizi."

"Basi saini hapa."

Akasaini. Ardith akagonga mhuri, wakapeana mikono, Loren akaenda zake. Kisha nikamwona mwenzangu anasimama, anamwacha mkulima mmoja kaunta na karatasi zake, anashuka ngazi karibu mbio. Nilimhudumia mkulima yule mimi. Dirishani niliwaona wamesimama kando ya gari la Loren wakizungumza, Ardith amejikinga jua kwa mkono. Alirudi na namba ya simu kwenye kipande cha bahasha.

Baada ya hapo Loren akawa anampigia kila Jumapili. Mwanzoni walizungumzia mvua. Baadaye Ardith akaacha kunisimulia walichozungumza.

Mei hii alileta fomu ya likizo ya wiki mbili, ya kwanza tangu mazishi ya mama yake. Aliondoka Alhamisi asubuhi kwenda Montana, na boksi la maandazi ya plamu kwenye kiti cha mbele, hotuba yangu kuhusu tairi zake akiwa ameikatisha katikati.

Wiki mbili sasa zimekuwa nne. Ametuma kadi moja, inasema mito imejaa na analala vizuri. Meza yake ninaishika mimi, vibali vya ndoa na vyote. Ninafurahi kwa ajili yake, nasema kweli. Ila mchana siwezi kula peke yangu kwenye zile nyasi, nakula ndani.