Mtoto Ambaye Hakuandikwa

Nekoye hakuwa mtu wa kulainishwa kwa soda. Siku ile ya kwanza, mwaka wa sabini na nane, sista Waceke alipomwekea soda baridi mezani kabla hata ya kumsalimu vizuri, machale yalimcheza. Tangu lini hospitali ikakaribisha watu kama arusini?

Lakini angefanya nini? Mwanawe Wekulo alikuwa na miaka sita, na shingo bado haijakaza, kifafa kikimshika kila mara, wala hajawahi kumwita mama. Daktari mmoja Mzungu alikuwa akijaribu dawa mpya ya watoto wa namna hiyo, na Nekoye alikuwa amekwisha kuwamaliza waganga na wahubiri wote wa Kawangware. Akabonyeza kidole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza ambayo hakuna aliyemsomea.

Kisha Waceke akafungua faili. "Mama, una watoto wangapi?"

Hapo ndipo sista alipoharibu. Kwao Nekoye, kule Bungoma, watoto hawahesabiwi mbele ya mgeni. Anayetaka idadi yao ana lake jambo. Na huyu mwenye kutaka idadi alikuwa na sindano kwenye sahani, kando ya kalamu. Nekoye alimkumbuka Nabwire, kitoto chake cha miezi miwili, alichomwachia jirani yake Akoth huko nyumbani, Gatina.

"Ni huyu tu."

"Hakuna mwingine mdogo?"

"Sista, si nimekuambia ni huyu tu?"

Waceke akaandika. Nekoye akarudi nyumbani akijisifu kwamba amewapiga chenga.

Kila mwezi alimpeleka Wekulo, na kila mwezi walimtoa damu.

"Hiyo damu yote inaenda wapi?" Nekoye alimuuliza Akoth.

"Inapelekwa ng'ambo. Wewe unadhani wanakupatia dawa ya bure kwa sababu wanakupenda sana?"

Siku moja gari la hospitali lilifika kwenye ploti walikopanga vyumba bila taarifa, kuona Wekulo anavyolala na anavyokula. Akoth, mwanamke asiye na haya hata kidogo, alimnyakua Nabwire, akakaa mlangoni na kumnyonyesha mbele yao. "Huyu ni wangu," akasema bila kuulizwa. Gari lilipoondoka walicheka mpaka wakashikana mabega. Nabwire hakulia. Alikuwa mtulivu ajabu. Ulipomlaza ndipo ulipomkuta, na majirani walimwonea Nekoye wivu kwa kupata mtoto asiyesumbua.

Mwaka ulipotimia, Nekoye aliitwa ofisini. Daktari alizungumza polepole, huku Waceke akitafsiri.

"Anasema Wekulo aendelee na dawa, imemwondolea kifafa. Lakini kwa wakubwa kama yeye haitafungua akili. Wale walioanza wakiwa wachanga, kabla ya kutimiza mwaka, ndio wanaendelea vizuri. Wanakaa, wengine wanatembea. Wawili wameanza kuongea. Huu ugonjwa hurudi kwa ndugu, ndiyo maana tulikuwa tunatafuta wadogo zao."

Nekoye akamgeukia Waceke. "Mbona hamkusema?"

"Tulikuuliza, mama."

"Mliuliza wangapi! Hamkusema mnawatakia nini! Mlinipa soda mkanibonyezesha kidole!"

Waceke aliinamisha kichwa, kwa sababu ilikuwa kweli. Nekoye aliwachukia wote wawili, na zaidi yao alijichukia mwenyewe, kwa kile kicheko cha mlangoni na kwa miezi yote aliyofunga safari akiwa na mtoto mmoja.

"Kwani yuko mwingine?" Waceke aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yuko. Anaitwa Nabwire."

Daktari hakuhitaji kutafsiriwa hilo. Aliinuka nusu kitini, akasema kitu haraka haraka.

"Anauliza ana miezi mingapi."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Nekoye alimhesabu mwanawe mbele ya mgeni, kidole kwa kidole, na vidole vya mikono miwili havikutosha.

"Kumi na minne," akasema, na Waceke akashindwa kutafsiri.