Kiti cha Kitinda

Kazi yangu ni kuwatengenezea viti watu wanaokwenda angani. Usidhani ni viti vya seremala. Chombo kikirudi duniani hujibwaga chini kwa kishindo cha kuvunja uti wa mgongo, kwa hiyo kila msafiri lazima awe na kiti kilichoumbwa kwa mwili wake mwenyewe. Cha mwenzake hakimfai. Namlaza mtu kwenye beseni refu, magoti juu, namwagia plasta laini chini ya mgongo, naye anatulia tuli mpaka ianze kuganda. Akicheka au akijikuna, kalibu, yaani lile umbo la mgongo wake, imeharibika na mimi nimeshakasirika. Wananiita Mama Tulia. Wengine wana vyeo vya jeshi vya kutisha, lakini kwenye beseni langu wote ni watoto wa kuogeshwa.

Mdogo wangu alikuwa mmoja wa wasafiri hao. Tulizaliwa sita na yeye ndiye kitinda mimba, ndiyo maana nyumbani hana jina jingine ila Kitinda. Mama alipomzaa aliugua sana, hivyo aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea ni mimi. Katika nchi hii ya watu tulikuja kwa mkataba. Serikali yetu na yao zilikubaliana kujenga kituo Mwezini: wao watoe chombo, sisi tutoe mafundi, na nafasi moja katika safari ya kwanza iwe ya mtu wetu. Nafasi ile alipewa Kitinda. Aliihangaikia mpaka mvi zikamtoka.

Basi likaja suala la madini ya Mwezini. Kwenye mkutano wa mataifa waliulizwa kama Mwezi ugawanywe au usigawanywe, na mjumbe wetu akanyoosha mkono upande ambao wenyeji wetu hawakuupenda. Jamani, Mwezi hauna hata kisima, na watu wameshaanza kugombania mipaka. Wiki haikuisha, mkataba ukavunjwa na sisi mafundi tukaambiwa tufungashe virago. Pale karakana mwenzangu mmoja akaanza ile methali ya fahali wawili na nyasi. Nikamwambia aniondolee balaa, nyasi mvua ikinyesha huota tena.

Kitinda peke yake ndiye aliyeitwa ofisini. Walimwambia anaweza kusafiri kama kawaida, mradi akubali kuwa raia wao na avae bendera yao begani. Akikataa, yupo kijana wao wa akiba. Kesho yake redio ya nyumbani ikatangaza kwamba yeyote atakayechukua uraia wa watu wale asikanyage tena ardhi aliyozaliwa, hata kwa mazishi. Walisema hivyo hivyo, hata kwa mazishi. Nilikuwa nakunywa chai, na ile chai sikuimaliza.

Mama alipiga simu jioni. Miguu imemvimba, siku hizi kitandani hatoki. Hakuuliza habari za Mwezi wala za mkataba. Aliniagiza tu nirudi na mwanawe, kisha akakata simu kabla sijajibu, maana ananijua nitajibu nini.

Nikamfuata Kitinda chumbani kwake, nikamkuta anapiga pasi shati. Nikamsema. Nilimwambia kuna kazi chungu nzima duniani, akafundishe hesabu, akarushe ndege za abiria, aoe hata sasa, wanawake hawajaisha. Nilimwambia watu waliomfukuza dada yake hawawezi kumpenda yeye. Alinisikiliza huku anakunja mikono ya shati taratibu, mpaka maneno yakaniishia.

"Dada," akasema, "nikirudi nitakuwa na nani?"

"Utakuwa na sisi."

"Nitakuwa na nyinyi, na nitawachukia. Kila nikiwatazama."

Nilitaka kumzaba kofi. Nikakaa kitandani kwake badala yake, kwa sababu nilijua anasema kweli, na kweli ya namna ile haina dawa. Akasema bado hajaamua na asubuhi nitajua. Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Msimamizi alikuwa amenibakizia kazi moja kabla ya ndege yetu kuondoka, kuumba kiti cha msafiri wa tatu, yaani cha nafasi ile ya Kitinda. Atakayeingia mlangoni ndiye huyo. Usiku ule, Mungu anisamehe, nilimwomba aniletee yule kijana wa akiba.

Asubuhi mabegi yangu yalikuwa tayari kwenye gari la uwanja wa ndege, nje ya karakana. Nilikuwa nachekecha unga wa plasta mlango ulipofunguliwa. Akaingia Kitinda, amevaa ile nguo nyembamba ya kubana wanayoivaa chini ya suti ya angani.

"Shikamoo, dada."

Marahaba yangu ilichelewa. Kwa kitambo nilichukia kila kitu, mkutano wao, madini yao, na Mwezi wenyewe huko uliko.

"Marahaba," nikasema. "Lala."

Akalala, akapandisha magoti. Nikamwaga plasta, nikaisukuma kwa mikono ichukue kila sehemu, chini ya mabega, kwenye mbavu, kiunoni. Mgongo ule sikuwa nimeugusa tangu akiwa mtoto wa kutiwa poda. Plasta inapoganda hupata joto, na wasafiri wengi hapo ndipo huanza kujipindapinda. Yeye machozi yalimtoka yakatiririka kuelekea masikioni, lakini mgongo haukutikisika hata kidogo. Nikaona fahari na nikaumia, vyote kwa pamoja, sikujua nianze na kipi. Nilimfuta masikio kwa kona ya aproni yangu ili maji yasiingie kwenye plasta.

Tukamwinua kwa mikanda, mimi na msaidizi. Nikachungulia. Sijawahi kuumba kalibu nzuri kama ile. Mabega yote mawili yalikuwa yamekaa sawa, na pingili za uti wa mgongo ungeweza kuzihesabu. Msimamizi akatia kichwa mlangoni, akauliza kama tumemaliza, maana dereva ameanza kulalamika.

"Imeharibika," nikasema. "Alitikisika. Lazima turudie."

Msimamizi hajui kalibu nzuri na mbaya. Akatazama saa, akaguna, akaenda kumwambia dereva asubiri. Kitinda alibaki amesimama, vipande vya plasta vikimdondoka kiunoni, naye akainama akatazama ndani ya beseni. Ana macho. Aliona nilichokiona.

Alikwenda kwenye beseni la pili, akalala, akapandisha magoti, na mimi nikaanza kukoroga plasta nyingine, polepole.