Saa Iliyoliliwa Rodi Kopany

Matawi yalikuwa wazo la dereva, lakini aliyeyakata ni Rael mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu. Kabla hawajatoka Migori, Boaz alimwambia, "Mama, sanduku refu hivi litasimamishwa kila kizuizi. Tufunge matawi mbele ya pikapu, wadhani tumebeba maiti." Na kweli polisi walivua kofia. Pale Rongo mmoja alisema pole, Rael akaitikia kwa sauti ya mjane, ambayo alikuwa nayo tayari tangu mwaka juzi.

Ndani ya sanduku mlikuwa na saa. Marehemu mumewe, Elkanah, seremala, aliichonga kwa mbao za mtumbwi mkuukuu wa Mbita: kiboko aliyesimama kwa miguu ya nyuma, mrefu kuliko mlango, amepanua mdomo, na ndani ya mdomo ndimo ulimokuwa uso wa saa, mishale yake makasia mawili. Zamani kila ilipogonga, ndege wa mbao utosini pa kiboko aliinama akainuka na samaki. Sasa ndege alikuwa amevunjika shingo, kiboko amepasuka taya, na mashine imenyamaza.

Mwenye nyumba kule Migori alikuwa anabomoa vyumba, na alishasema ubao wowote atakaoukuta kesho ataupikia chai. Bashir, fundi saa wa Homa Bay, ndiye pekee aliyekubali kumtibu kiboko na kumsimamisha dukani mwake. Lakini jioni hii hii Bashir alikuwa anafunga duka, aende kwao Mombasa hadi baada ya Ramadhani.

Walipofika Rodi Kopany pikapu ikachemka. Boma la karibu lilikuwa la Cephas, mdogo wake Elkanah. Wakaingia kuomba maji.

Rael alisahau matawi.

Wake za Cephas waliyaona kabla ya kumwona yeye. Mkubwa alitupa ungo akapiga yowe. Majirani wakaja mbio kutoka mashambani, na bibi mmoja akashika ubavu wa pikapu akaanza kumsifu marehemu bila kujua ni nani. Zilikuwa sifa nzuri sana.

"Yawa, nyamazeni! Hakuna aliyekufa!" Rael alifungua kifuniko. Waliliona lile domo la kiboko, wakarudi nyuma.

"Haya, tupeni maji twende," alisema. Lakini Cephas alikuwa ameshafunga lango.

"Nyar Karungu," alimwita kwa jina la kwao alikozaliwa, "sanduku limeliliwa ndani ya boma langu. Halitoki."

"Shemeji, ni saa."

"Sikuuliza ni nini. Kilio kikishatoka, lazima kipate kaburi. Kikikosa, kitajitafutia."

Aliposema hivyo alitazama mlango wa nyumba ndogo, na humo ndani mtoto alikohoa. Kitinda mimba wake alikuwa na malaria tangu Jumapili. Hapo Rael akaacha kucheka moyoni. Vijana walikuwa wameanza kuchimba karibu na ua, na wengine wameshika kamba ya sanduku.

"Mama, gari limepoa," Boaz alinong'ona. "Na jua linaenda."

"Nimeliona jua, Boaz. Halijajificha."

Angeweza kumwambia dereva aligonge lango. Lakini mtoto akizidiwa, atasemwa yeye mpaka siku anayozikwa. Na akinyamaza, kiboko wa Elkanah ataozea udongoni akiwa amepanua mdomo.

"Cephas," alisema. "Mtu akizama ziwani asipatikane, mnazika nini?"

"Yago." Akaonyesha kwa kidevu mwegea uliokuwa uani, matunda yake marefu kama mikono yananing'inia. "Hilo hata mtoto anajua. Lakini yago ni ya mtu ambaye mwili wake haukuonekana."

"Na huyu mliyemlilia, mwili wake umeuona?"

"Hakuna mwili, wewe!"

"Basi haujaonekana."

Jembe lilisimama. Mtu alicheka, akafinywa. Bibi wa sifa akasema, "Ana haki. Mimi nimelia vizuri, lakini maiti sikuiona."

Cephas alisikiliza kikohozi tena. "Na hiyo yago italala ndani ya nini?"

Rael aliliangalia sanduku, akaikumbuka barabara iliyobaki na mashimo yake.

"Chukua," alisema.

Walizika tunda kwa heshima zote. Cephas aliomba dua ndefu, akamwaga udongo kwa mkono wake, na mabega yake yakashuka. Kisha alifungua lango mwenyewe, na matawi akayang'oa mwenyewe.

Kiboko alisafiri amefungwa leso mbili za wake za Cephas. Rael alikaa nyuma, ameshika lile taya kwa mikono miwili, na kila shimo lilimbana vidole.

Bashir alikuwa anatia kufuli, begi begani. Hakusalimia. Aliweka begi chini, akapapasa shingo ya ndege, akaingiza mkono ndani ya domo mpaka kiwiko.

"Mama, basi langu linapakia. Mlikuwa wapi?"

"Tulipitia mazishini."

"Pole sana. Marehemu ni nani?"

"Hatukupata kumjua."

Bashir akafungua tena kufuli. "Dereva, shika miguu," alisema. "Kichwa nitashika mimi."