Wanawake Waliochimba Kaburi

Tangu kulipopambazuka Kokubanza alikuwa mlangoni akimenya ndizi. Sufuria kubwa ilikwisha kujaa, lakini wa kuzila hawakuonekana. Kwingine kote Muleba, mtu akifa jioni, asubuhi uwanja huwa umejaa: wanaume wanagawana majembe, wanawake wanatandika nyasi mpya ndani ya msonge. Kwake, alikofiwa na mama, alikuja bibi mmoja tu kutoka kilima cha pili, naye alikuwa kiziwi. Hakuwa amesikia katazo.

Katazo lilitoka kwa Kaijage, mkungu, yaani mkuu wa kijiji. Jana yake alisimama nje, kofia kichwani, wala hakuingia kumwangalia marehemu. Alisema kibanja hicho, shamba la migomba lenye nyumba yao, ni cha nyarubanja, ardhi ya bwana, na wanaokilima ni wapangaji wake tu. Mume alikwisha kufa, sasa mke naye amefuata, mtoto wa kiume hakuna. Basi ardhi imerudi kwa mwenyewe.

"Mama yako mpeleke kwenye makaburi ya misheni," alisema.

"Baba amelala pale nyuma ya mibuni, waitu," Kokubanza alimjibu kwa heshima. "Mama aliomba alazwe karibu naye."

"Unanijua, nami nakujua, mwalimu. Leo utazika, kesho utaniambia hapa ni kwenu."

Katika hilo hakukosea. Mwenye makaburi ya wazazi kibanjani haondolewi kirahisi, hata baraza la gombolola, linaloamua kesi za ardhi, linalijua hilo. Ndiyo maana Kaijage alipita nyumba kwa nyumba akionya kwamba atakayeshika jembe atajibu kwake. Na kujibu kwa Kaijage hakukuwa mzaha. Yeye ndiye aliyechagua nani aende kutengeneza barabara ya serikali bila ujira. Yeye ndiye aliyemwonyesha bwana shamba wa Mwingereza mibuni ya nani ni michafu, mwenye mibuni akatozwa faini, wakati huo huo bei ya sukari na kitambaa cha amerikani dukani ikipanda kila mwezi. Hata Josia, mwinjilisti wa kanisa lao la Kilutheri, alimpa Kokubanza mkono wa pole akitazama chini, akasema, "Kaburi likiwa tayari niite, nitakuja kuomba."

"Litakuwaje tayari, mwinjilisti?"

Josia alikohoa, akaondoka.

Mama alikuwa ndani, amefungwa katika lubugo, lile gome la mti alilojiwekea mwenyewe miaka mingi kwa ajili ya siku hiyo. Kokubanza alijaribu kuomba, akashindwa. Alimwaga maji ya ndizi, akaanza kumenya nyingine, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi.

Jana yake alikuwa amemwagiza Philbert, dereva wa lori la kahawa, apeleke habari Bukoba kwa rafiki zake wawili tu. "Waambie mama amefariki," alisema. "Usiwaambie waje." Joviana, mwalimu wa Kibeta, alikuwa na mtoto mchanga. Anatolia wa Kagondo alikuwa ameolewa na Mkatoliki, akamfuata mumewe kanisani, na wakati ule padri akisikia muumini wake ameingia ibada ya Walutheri, muumini huyo alikuwa na maelezo ya kutoa.

Lori liliguna barabarani jua lilipoanza kukausha umande. Mara akawaona wakishuka kati ya migomba: Joviana mbele, mtoto mgongoni, mkungu wa ndizi kichwani, Anatolia nyuma na kapu la maharage. Kokubanza alisimama, kisu bado mkononi.

"Nilisema msije."

"Philbert alituambia hivyo," Anatolia alisema, akamkumbatia hivyo hivyo na kisu mkononi. "Ndipo tukajua una shida."

Joviana aliingia, akapiga magoti kando ya marehemu, akatoka akifuta uso. "Kaburi liko wapi?"

"Halijachimbwa. Mkungu amewakataza watu."

Joviana alimfungua mtoto, akampa yule bibi kiziwi. Akavua viatu, akaviweka ukutani. "Na majembe je, nayo yamekatazwa?"

Kokubanza alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri. Mwanamke wa Kihaya hachimbi kaburi. Ni jambo lisilosemwa hata kwa utani.

"Joviana, watu watasema nini?"

"Waje waseme huku wanachimba."

Walichimba nyuma ya mibuni, karibu na baba. Udongo wa juu ulikuwa mwepesi, wa chini ukawa mwekundu na wenye mawe. Viganja vya Anatolia vilichubuka, akavifunga kwa kitambaa, akaendelea. Hawa watatu walikutanishwa chuo cha ualimu na bibi mkuu wa mabweni, aliyewapanga katika kibanda kimoja chenye paa linalovuja. Mwanzoni waligombana juu ya chumvi, juu ya zamu ya maji, juu ya Joviana kukoroma. Kisha wakajiwekea kanuni yao wenyewe: katika nyumba hiyo hakuna mtu kujiombea. Shida yako utaisema, na mwenzako ndiye ataipeleka kwa Mungu.

"Tangu jana sijaweza kuomba," Kokubanza alisema, kiuno kikimuuma.

"Haikuwa zamu yako," Anatolia alimjibu bila kuinua kichwa, na hapo hapo, jembe likipanda na kushuka, akaanza kumwombea kwa sauti, kwa Kihaya, maneno mafupi mafupi kati ya pumzi na pumzi.

Shimo lilikuwa limewafika kiunoni Kaijage alipotokea. Alisimama ukingoni.

"Nani amewaruhusu?"

Joviana alirusha udongo, ukaangukia karibu na viatu vya Kaijage.

"Nitawapeleka barazani. Nitayataja majina yenu yote."

Joviana aliegemea jembe. "Basi uyajue vizuri, waitu. Mimi ni Joviana, mwalimu wa Kibeta. Huyu ni Anatolia wa Kagondo. Baraza likiuliza tulikuwa tunafanya nini, uwaambie tulikuwa tunamzika mama yetu kwa sababu wanaume wa kijiji chako walikuwa na kazi nyingine."

Aliyasema kwa sauti ya darasani, na sauti hiyo ilivuka ua. Ng'ambo ya ua Rugambwa, jirani wa miaka yote, alikuwa amejibanza nyuma ya mgomba. Aliupita ua taratibu, jembe begani, hakumtazama mkungu.

"Tokeni, wanangu," alisema. "Inatosha. Mmetuaibisha vya kutosha."

"Rugambwa, umesikia nilichosema," Kaijage alimwonya.

"Nimesikia." Akashuka shimoni.

Baada yake alikuja mwanawe, kisha ndugu wawili wa bondeni, kisha watu wakawa wanatoka kila upande wa migomba kama waliokuwa wakingoja mlango ufunguliwe. Wanawake walileta nyasi. Josia naye alifika amevaa kanzu, anahema, akaanzisha wimbo wa ufufuo kabla hajaulizwa. Anatolia Mkatoliki aliimba sauti ya pili kama chuoni. Mkungu alitazama huku na huku, akawaona watu wengi kuliko wale ambao angeweza kuwapeleka kazi ya barabara, akaondoka kwenda kumwarifu bwana.

Kesi ya kibanja ingefika barazani, na huko ingekuwa na maneno yake. Lakini mama alikuwa amelala mahali alipopaomba.

Jioni ndizi zote ziliisha, ikabidi wamenye nyingine. Watatu hao waliketi mlangoni, mikono imevimba, Kokubanza akilia na kucheka kwa pamoja. Mke wa Rugambwa aliwatazama kwa muda.

"Hawa ni ndugu zako wa upande gani?" aliuliza.

"Tulipangiwa nyumba moja," Kokubanza alisema, akasogea ili naye apate pa kukaa.