Lori la Baruti Nyuma ya Jeneza

Ukungu uliushukia msitu wa Magamba mchana kweupe, na Selina akateremka kwenye lori kama masharti yalivyotaka. Alikuwa mjumbe wa kamati ya barabara katika kijiji cha ujamaa karibu na Mlola, naye alitumwa Lushoto kuisindikiza baruti ya kupasulia mwamba ulioizuia barabara yao mpya. Bakari, dereva wa kutoka Tanga, alikuwa amemweleza yote kabla hawajaondoka: hakuna kubeba abiria, hakuna moto karibu, hakuna kusimama penye watu. Viwashio vya kuilipua vilitangulia jana kwa gari jingine. Na ukungu ukiwa mzito, mtu atembee mbele na kitambaa chekundu, gari lifuate polepole.

"Nisipokuona nasimama," Bakari alisema dirishani. "Usikimbie, dada."

Selina akatembea. Miti ilijitokeza mmoja mmoja, ikamtazama, ikarudi ilikotoka. Nyuma yake injini ilinguruma chinichini kama ng'ombe anayeota ndoto. Kuna mahali hakuisikia tena miguu yake; ilimjia kwamba barabara ndiyo inayotembea, yeye amesimama tu.

Kisha akasikia watu wanaimba.

Walikuwa mbele yake, kundi dogo, wamebeba jeneza mabegani. Aliyeshika taa ya chemli alitangulia, mwanga wake umekuwa mduara wa njano usiomulika kitu. Selina aliinua kitambaa, lori likasimama mbali. Akamwendea mzee aliyekuwa mwisho wa msafara.

"Shikamoo, baba. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

Marehemu aliitwa Secilia, mkulima, aliyefia hospitali. Mwanawe Fanueli alikuwa ametafuta gari Lushoto nzima asipate. Aliposikia injini aliliachia jeneza bega jingine, akalifuata lori.

"Mchukue mama yangu tu," akamwambia Bakari. "Sisi tutatembea."

Bakari aliinamisha macho. "Ndugu yangu, humu mna baruti. Siruhusiwi kuongeza chochote juu yake. Likitokea jambo, msiba wenu utakuwa misiba."

Fanueli alirudi akaingiza bega lake chini ya jeneza.

Njia ilikuwa nyembamba na upande mmoja ni bonde. Kuwapita haikuwezekana, na hata ingewezekana, Bakari asingewapita. Selina aliomba taa ikae mbele kabisa, akaacha nafasi kubwa katikati, wakafuata. Msafara ukipumzika, nao wanasimama. Ukiinuka, nao wanaondoka.

Msitu ulipoisha yakaja mashamba. Watu waliokuwa wakipalilia walisikia nyimbo, wakainua vichwa. Waliona jeneza, kisha mwanamke na kitambaa chekundu, kisha lori kubwa lenye bendera nyekundu ubavuni, vyote vikielea katika weupe.

"Nani huyu?" mmoja aliuliza.

"Lazima alikuwa mkubwa. Serikali imemletea gari."

Wakaweka majembe chini, wakavua kofia, wakajiunga. Balozi wa nyumba kumi alikuja akifunga vifungo vya shati. Waliotaka kutembea karibu na lori Selina aliwapeleka mbele: "Hapa pabaki wazi, tafadhali." Walitii kama kwamba ndiyo desturi ya mazishi ya namna hiyo. Vijana walipokezana jeneza, hata Fanueli akabaki anatembea mikono mitupu, akitazama huku na huku kama mgeni. Msafara ulirefuka mpaka wa mbele wakamaliza ubeti ndipo wa nyuma wakauanza. Selina alijikuta analia kwa ajili ya mtu ambaye hakumjua.

Kwenye njia panda lori lilikata kuelekea mwambani, mbali na nyumba. Bakari alizima injini, akashuka, akasema "Inna lillahi" kwa sauti ndogo. Samsoni, fundi wa kupasua miamba, alikuwa akiwangoja amekasirika.

"Mmechelewa. Tungelipua leo."

"Leo mtelemko huu utajaa watu," Bakari alisema. "Mpaka watawanyike."

Samsoni alitazama watu wasioisha kutoka ukunguni, akakaa juu ya jiwe.

Baada ya maziko Selina alikwenda kutoa pole. Fanueli alikuwa peke yake jikoni kwa mama yake, amechuchumaa karibu na mafiga.

"Wanasema serikali ilimheshimu mama," alisema.

"Nimewasikia."

"Si kweli?"

Selina alisita. "Tulikuwa tunapeleka baruti. Ukungu ukiwa mzito, sheria inasema mtu atembee mbele."

Fanueli alikoroga majivu kwa kijiti. "Lakini hamkupiga honi. Njia yote ile."

"Hatukupiga."

Fanueli aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa alichokuwa anakitafuta. Akafukua viazi viwili majivuni, akavipuliza, kimoja akampa mkononi. Cha pili alikifunga kwa jani la mgomba.

"Hiki mpelekee dereva," alisema.

Selina akashuka navyo kuelekea mwambani, viganja vyake vikipata moto.